Nilivyomwita Elia ainuke

Leo nimemwita marehemu ainuke acheze.

Jamani, msinicheke. Sisi wanamuziki tusio na lebo hapa Stockholm tunaishi kwa harusi na misiba, na watu ni wale wale. Mwaka jana niliimba kwenye harusi ya Elia na Keza. Leo, kwenye msiba wa Elia pale mtaa wa Alby, Keza akaniomba, "Kaka, tuimbie ule wimbo wetu wa harusi."

Nikaimba polepole. Lakini mdomo umezoea, bwana. Nilipofika kwenye kiitikio nikaita kama siku ile: "Elia, inuka tukuone!"

Ukumbi mzima ukanigeukia. Gitaa likanishinda.

Keza akainuka peke yake. Akacheza, mkono ameunyoosha kama umeshikwa na mtu.

Kesho nina harusi mtaa wa Akalla. Wameomba wimbo huohuo.

Wenzangu, nitaliitaje jina la bwana harusi?