Leso Mgongoni mwa Mkwe

Ulikuwa mwaka ule mvua ilikataa, na hapa Bungoma tukala viazi vitamu na chai ya rangi asubuhi, jioni viazi vitamu bila chai. Hata Kitale, kwenye mahindi yenyewe, watu waliombana unga. Huko ndiko mkwe wangu, mume wa binti yangu, alilazwa na nimonia.

Nilimkuta ICU na bomba mdomoni, mashine inampumulia. Nikabaki mlangoni. Kwetu mama mkwe na mkwe hawagusani, hata mkono wa salamu hakuna. Miaka yote nimempenda huyo mtu kutoka mbali.

Binti yangu alikuwa ameenda nyumbani kuoga. Aliyekuwa kazini ni mtoto wao, mjukuu wangu, yule niliyembeba mgongoni akinikojolea. Siku hizi anavaa sare, anawafanyisha mazoezi wagonjwa wasioweza hata kujikuna. Niliringa, nisidanganye.

"Kukhu," akaniita, yaani bibi, "leo tunamkalisha baba."

"Na mashine?"

"Anakaa nayo."

"Wewe mtoto! Mtu hapumui, unamwambia akae? Mwache alale!"

"Amelala vya kutosha. Kifua chake kinazoea kufanyiwa kazi. Akiendelea hivi, hatatoka kwa mashine."

Nesi mmoja alishika bomba, mwingine alikuwa ameitwa kitanda cha pili. Mjukuu akanigeukia. "Kuja umshike mgongo."

"Mimi sishiki mkwe."

Nesi akacheka. Mjukuu hakucheka. Alinivua leso mabegani, akaizungusha mgongoni mwa baba yake, akaipitisha chini ya makwapa, akaniletea ncha mbili.

"Basi usimshike. Shika leso."

Nikavuta kama navuta ng'ombe kwenye matope, uso nimeugeuzia ukuta. Mashine ikapiga kelele, ikatulia. Nikachungulia, basi. Mkwe amekaa! Kichwa kinayumba kama cha mtoto mchanga, mjukuu anamsukuma magoti, "Baba, kaza! Baba, kaza!" Machozi yalimtoka mgonjwa, na mimi pia.

Kila asubuhi tulivuta ile leso, mpaka siku bomba lilipotolewa akapumua mwenyewe.

Mvua iliporudi alikuja kwangu kwa miguu yake, kuku kwapani. Nikapokea kuku. Akasahau adabu, akaninyooshea mkono.

"Mama, wewe uliniinua."

"Niliinua leso."

"Hata leo tu hunishiki, mama?"

Nikautazama ule mkono. Ulikuwa umenona tena.

"Mimi sishiki mkwe."