Barua Iliyongoja Alhamisi

Sisi tuliokulia Iyula wakati wa Mwingereza hatukuhitaji kalenda kuijua Alhamisi. Ikifika alasiri ungewaona mama zetu wakiteremka na njia ya mashamba ya kahawa, huyu na kapu la mahindi ya kupukuchua, yule na maharage ya kuchambua, wote wanakwenda kwa Mama Yohana, mke wa mwinjilisti. Kati yao ni yeye tu aliyejua kusoma vizuri. Hakukuwa na kengele wala orodha ya majina. Vijana wa leo hawakusanyiki mpaka waandaliwe maji ya chupa na fulana zenye maandishi, kisha wanaiita semina.

Kule walijifunza chochote kilichojitokeza. Leo mmoja anaonyesha kushona kola, wiki ijayo mwingine anaeleza alivyomtibu mtoto kikohozi, na katikati wanawasengenya waume zao mpaka wanatokwa machozi kwa kucheka. Kusoma walijifunza kwenye ungo. Mama Yohana alitandaza majivu, akachora herufi kwa kidole, wenzake wakaitamka kwa lafudhi yetu ya Kinyiha, kisha akautikisa ungo na kuchora nyingine. Mimi nilikuwa darasa la pili, najiona msomi, nakula kiazi cha moto huku nawacheka. Mama alikuwa ananitolea jicho.

Barua nazo zilisomwa siku hiyo. Waume wengi walikuwa ng'ambo ya mpaka, kwenye migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini. Zamani kidogo mama mmoja alisomewa habari ya msiba wake na mpita njia, akiwa peke yake barabarani. Alikutwa porini baada ya siku mbili, anazungumza na miti. Tangu hapo wakakubaliana kwamba barua haifunguliwi mpaka Alhamisi, wenzako wote wakiwepo.

Ya baba ilifika siku ya Ijumaa, majira ya baridi, tukiwa tunachuma kahawa. Dereva wa lori aliiacha kwenye duka moja Tunduma, ikapita mikono mitatu hadi kwetu. Mama aliifuta vumbi, akaichomeka kwenye kikapu cha mbegu darini.

"Mama, nikusomee?" nilimwuliza.

"Ngoja Alhamisi. Ndivyo tulivyokubaliana."

"Hata mwanzo tu?"

"We mtoto! Barua ya baba yako si ya kuchungulia."

Wiki ile nilimkuta mara mbili ameishusha, ameishika tu. Wakati huo na yeye alishaweza kuunga maneno mafupi. Lakini kila mara aliirudisha, akaenda kuendelea na kazi.

Alhamisi Mama Yohana aliifungua, akasoma salamu zote, halafu sauti ikaanza kupungua. Iliandikwa na mwenzake na baba huko mgodini, kwa kuwa baba hakujua kuandika. Baba alikuwa amelazwa, anaumwa kifua, kila siku anamwulizia mama. Dereva aliyeleta barua angerudi huko Jumatatu, na alikubali kumchukua mama pale Tunduma. "Usichelewe, shemeji," ndivyo ilivyomalizika. Jumatatu ilikuwa imeshapita.

Mama akapiga ukunga, na makapu yote yakaachwa chini. Walimshika, wengine mikono, wengine kiuno, mmoja akamfunga kanga iliyomdondoka. Hakuna aliyerudi nyumbani mpaka alipoweza kusimama. Alfajiri walimbebea mzigo hadi njia panda, akaondoka na baba mdogo. Lori lingine walilipata baada ya siku sita. Walipofika walionyeshwa kaburi. Baba alikuwa amefariki Jumamosi, kesho yake tu tangu waondoke nyumbani, na wagonjwa wenzake walisema hadi Ijumaa alikuwa akigeuza uso kila mlango ulipofunguliwa. Kwa lile lori la Jumatatu, mama angemkuta hai.

Nitasema ukweli, niliwachukia akina mama wale, pamoja na kwamba msimu mzima walilima shamba letu bila kuombwa. Nilijichukia zaidi mimi, kwa sababu nilijua kusoma na barua ilikuwa darini siku zote sita. Mama hakulaumu mtu. Aliendelea kwenda Alhamisi mpaka magoti yalipokataa. Siku moja, nikiwa mtu mzima, nilimwuliza aliwezaje kurudi kuketi pale.

"Ningekwenda wapi tena?" alinijibu, akaendelea kuchambua maharage.

Siku hizi hakuna anayengoja. Wajukuu zangu wanasema dunia iko kiganjani, na sibishani nao, ingawa nikiwapigia hawapokei. Mwaka jana mdogo wangu alifariki Mbeya. Ujumbe ulinifikia kwenye simu kabla hata hajatolewa wodini. Niliusoma mwenyewe, na mazishi niliwahi. Lakini asubuhi ile nilibaki jikoni nimeshika simu, nageuka huku na huku natafuta wa kunishika, nyumba nzima hamna mtu, na majirani wote wamefunga mageti. Nililia peke yangu hadi alasiri, binti wa jirani alipobisha kuomba chumvi, ndipo nikapata wa kumwambia.