Mahali pa Baba, Joshini

Mama alikaanga samaki kijijini kwetu Kanga, kisiwani Mafia, tangu sijazaliwa. Aliwanunua dagoni, kwenye kambi ya wavuvi wa msimu, akawakaanga kwa moto wa makumbi ya nazi. Dada yangu alishinda kando ya karai akiimba. Mimi nikikaa kidogo tu, kifua chabana, macho yavimba.

"Moshi wamchagua yeye, mtoto wa sultani!" dada alinicheka.

"Anadeka," alisema mama. "Kazi yangu yamkinaisha, kama babake."

Baba alikula peke yake joshini, upande upepo unakotoka, mbali na karai. Mama hakumsamehe hilo, hata baba alipofariki.

Niliacha shule darasa la sita, kisha nikaiacha na Kanga. Nimeosha masufuria, nimebeba saruji, nimelala miji ambayo siikumbuki vizuri. Kote nilinusa makumbi hata pasipo moto. Nilimtamani mama, lakini niliogopa uso ule ulioamini kwamba namdharau.

Mwaka jana vumbi la saruji lilinifikisha zahanati, huko bara. Wenzangu walivuta vumbi lilelile, wazima. Kwa nini mimi? Nilimuuliza tabibu mpaka foleni ikanung'unika. Akasema moshi au vumbi likiumiza njia ya hewa, seli huita msaada, pakavimba ili papone. Za wengine huita kidogo zikanyamaza. Za wengine hupiga kelele kwa jeraha dogo, na kunyamaza ni shida. Tofauti hiyo huweza kutoka kwenye vinasaba tulivyorithi.

"Kwenu nani mwingine hapatani na moshi?" akauliza.

Wiki hiyohiyo nilivuka kurudi Mafia.

"Shikamoo mama," nilimwamkia nikiwa mbali na karai.

"Marahaba. Mbona wasimama huko?"

Nikamweleza yote nikiwa hukohuko. Alisikiliza, upawa mkononi.

"Na babako?"

"Huenda naye vilevile, mama. Hakujua."

"Miaka yote ile nimemnunia," akasema polepole.

"Mama, samaki wanaungua!" dada akapiga kelele.

"Waungue."

Akabeba kigoda chake, akakiweka joshini, pale baba alipokuwa akikaa. Nikachuchumaa karibu yake, kifua kikiwa chepesi. Dada alikuwa ameinamia karai, akipambana na samaki, moshi ukienda zake upande wa pili. Mama alimtazama kwa muda mrefu.

"Kumbe hapa wamwona mkaangaji uso mzima," akasema. "Nami nilikuwa sinyanyui kichwa nimwone babako."