Nakiru na Mpaka wa Wazee Wawili

Nakiru wa Kakuma alikuwa mkalimani, na kipaji chake kikubwa kilikuwa kupunguza makali. Akikaa kati ya daktari na mgonjwa, au kati ya hakimu na mshtakiwa, neno chungu liliingia sikioni mwake likatoka kinywani limeoshwa na kupakwa mafuta. Kiturkana alizaliwa nacho, Kitoposa alifundishwa na nyanya yake aliyeolewa kutoka Sudan Kusini, na Kiingereza alikipata kwa masista. Watu walimpenda. Ni kweli kuna jamaa mmoja aliyepelekwa jela huku akimshukuru hakimu kwa furaha, lakini hilo halikuzungumzwa sana.

Mwaka huu shirika moja geni likamwita Lodwar. Mkuu wake, balozi mstaafu jina lake Mike, alikuwa ametandaza ramani kwenye meza ya ukumbi wa hoteli. Mipaka hii, alieleza, wakoloni waliichora bila kumuuliza mtu. Waturkana wakabaki Kenya, Watoposa wakaangukia upande wa pili, ilhali lugha zao zinakaribiana hata wanasikizana. Kwa nini mpaka usichorwe upya kwa mazungumzo, ndugu wakae nchi moja? Wazee wakikubali, yeye angelipeleka wazo hilo kwa wakubwa.

Nakiru alisisimka. Alimkumbuka nyanya yake, ambaye hadi anakufa alikuwa akipaita kwao "kule".

Wazee walioalikwa walikuwa wawili: Lomorukai, Mturkana, na Lokai, Mtoposa, kila mmoja na kigoda chake. Walisalimiana vizuri. "Ejok," akasema huyu. "Ejok," akajibu yule. Kisha Lomorukai akaegemea mbele.

"Dume langu la ng'ombe lenye pembe zilizopinda liko wapi, mwizi wewe?"

"Nililila," akasema Lokai. "Nyama yake ilikuwa ngumu kama wewe."

Mike akamgeukia Nakiru. "Wanasemaje?"

Nakiru akatabasamu. "Wanakumbushana mifugo waliyoshirikiana zamani."

Mike akaandika, uso umemng'aa. Asubuhi yote ikaenda hivyo. Lomorukai aliposema kwamba Lokai amebakiwa na meno mawili na yote ni ya wizi, Nakiru alitafsiri kwamba wanaheshimiana kwa sababu ya umri. Lokai aliposema ukoo mzima wa Lomorukai hauwezi kuchunga hata kuku, alitafsiri kwamba yuko tayari kuwasaidia wenzake katika ufugaji. Mike alichukua kalamu nyekundu akaanza kuchora mpaka mpya.

Saa ya chakula Nakiru alimpigia simu mumewe, Didace, fundi wa cherehani kule Kalobeyei aliyekuja kutoka Kongo, akamweleza habari njema.

"Kila kabila na nchi yake?" akauliza Didace. "Sasa miye wataniweka wapi, Mama Benedi?"

"Wewe utakaa na mimi."

"Na watoto? Wataacha kichwa Turkana, miguu waipeleke Bukavu?"

Nakiru alicheka, lakini akaisogeza kando sahani ya wali. Hilo hakuwa amelifikiria. Aliporudi ukumbini akaona mstari mwekundu umeshafika Lokichoggio.

"Sasa waulize rasmi," akasema Mike, amesimama kabisa. "Wako tayari kuwa nchi moja?"

Swali hilo halikuwa na mahali pa kupaka mafuta. Nakiru akalitafsiri lilivyo.

Wazee walitazamana. Kwa mara ya kwanza siku hiyo walionekana kuogopa kitu kimoja.

"Nchi moja na huyu?" akapiga kelele Lomorukai. "Leo akiniibia, polisi wanamzuia mpakani. Ukiuondoa mpaka, nani atamzuia? Atakuja kila asubuhi kunywa chai!"

Lokai hakungoja mkalimani. Alijua neno moja la Kiingereza, akalirusha moja kwa moja kwa Mike: "No!"

Kalamu ikabaki hewani. Mike akamtazama Nakiru. "Hawa wamekuwa wakisema nini tangu asubuhi?"

Aibu ilimpanda hadi masikioni. Akamwambia yote, kuanzia dume mpaka meno, akingoja kufukuzwa. Mike alikaa chini. Kisha akasema, "Tuanze tena. Neno kwa neno."

Nakiru alitukana jioni nzima kwa Kiingereza safi, na moyoni akashangaa jinsi ilivyokuwa tamu. Walipomaliza matusi, ndipo hoja yenyewe ikatoka: wakati wa kiangazi wote wawili wanahitaji kisima kimoja, na anayekuja bila kutuma habari ndiye huzua vita. Mpaka ukae ulipo, walisema. Mifugo ivuke, lakini mtu atangulie kusema inakuja. Lokai aliongeza kwamba angelipa dume, ila si lenye pembe nzuri.

Mike aliikunja ramani. Alionekana mwenye huzuni kidogo.

Gari la Lokai lilipoletwa, Lomorukai alimsindikiza hadi mlangoni, mkono begani, wakirushiana maneno.

"Wanasema nini?" Mike akauliza kwa wasiwasi.

"Anamwambia ni fisi, na asafiri salama."

"Maneno hayo hayo?"

"Hayo hayo," akasema Nakiru, akaenda kutafuta gari la kurudi Kakuma.