Picha Moja ya Kumwonyesha Baba

Baba yangu alikuwa mpiga picha Nakuru, mimi nikawa mpiga picha Doha, na kwa miaka mingi niliyokaa huko hakuwahi kuona picha yangu hata moja. Si kwamba nilikuwa mvivu wa kutuma. Picha zenyewe hazikuwa zangu.

Nilikuwa napiga harusi upande wa wanawake. Katika ukumbi ule mwanamume haingii, na wanawake wakishaingia huvua abaya na kukaa kwa raha zao, nywele nje, mabega nje, dhahabu mpaka kiunoni. Mlangoni walisimama walinzi, wasichana wa kwetu na wa Uganda, wakikagua mikoba na kukusanya kila simu yenye kamera. Kamera zilizoruhusiwa kupita zilikuwa zetu tu, sisi wanawake wa studio. Sherehe ikiisha, dada yake bi harusi alikuja kusimama mbele yangu akiwa ameunyoosha mkono, nami nikachomoa kadi ya kamera yenye picha zote na kumkabidhi. Tulipokuwa tunasafisha picha, mtu wa familia alikaa nasi katika chumba kisicho na intaneti, na albamu ikishakamilika kila kitu kilifutwa huku anatazama. Sijawahi kufanya kazi nzuri kama ile ya miaka ile, na ukiniambia leo nikuonyeshe, sina.

Hiyo haikumwingia baba akilini. Studio yake ilikuwa chumba kimoja chenye pazia lililochorwa ngazi za jumba la kifahari, na picha alizoridhika nazo alizibandika dirishani ili wapita njia wazione. Kwake, picha isiyofika dirishani ilikuwa sawa na ambayo haikupigwa. Hapo ndipo nilipokulia, nikimshikia taa na kusikiliza makosa yangu. Kabla hajaniachia kamera alinifundisha kukunja ngumi, kuinyoosha mbele ya uso na kuzunguka nayo chumbani polepole, nikiangalia kivuli kinavyolala kati ya vifundo vya vidole. Kivuli kikiwa laini, mteja asimame hapo hapo. Nilifanya hivyo utotoni na nilifanya hivyo katika kumbi za hoteli kubwa za Doha, katikati ya maua na vioo, mpaka wenzangu Wafilipino wakawa wananiuliza nataka kumpiga nani.

Kusifu, baba hakuwa nako. Picha zangu za kwanza alizishika, akazigeuza, akauliza huyu umemkata miguu kwa kosa gani. Nilipofaulu kupiga harusi yangu ya kwanza peke yangu, ya jirani, aliziangalia zote kimya, akaweka kidole kwenye moja na kusema nyuma ya kichwa cha mchungaji kuna mti unaota. Nililia siku hiyo. Baadaye nikazoea, na nikaanza kuyasubiri makosa yake kama mtu anavyosubiri chai.

Nilipoondoka kwenda Doha, wajomba zangu walikuwa na maneno yao. Kwamba hakuna Mwarabu anayetoa tiketi kumleta msichana wa Nakuru ampige picha. Kwamba nafagia nyumba za watu na naona haya kusema. Sikuwajali, kwa sababu kufagia si wizi, na nilikaa mtaa wa Al Thumama na wasichana waliofanya kazi za nyumba wakanishinda akili na adabu. Lakini baba naye akaanza kuuliza. Nilimtumia picha za maghorofa ya ufukweni, akasema hizo hata kalenda zinazo. Nikamtumia za wenzangu wa chumbani wakipika ugali, akasema hao ni marafiki zako, nionyeshe kazi. Halafu Ijumaa moja, katikati ya mazungumzo ya mvua na bei ya unga, akaniita mama, kama alivyoniita siku zote kwa kuwa nina jina la mama yake, akauliza taratibu:

"Mama, kweli unapiga picha huko?"

Nilikasirika. Nilimwambia mtandao ni mbaya nikakata simu. Wajomba wangesema mpaka kesho, sikujali, lakini ujuzi wangu ulitoka mkononi mwake, na sasa alishuku kwamba niliutupa.

Miezi michache baadaye dada yangu mdogo, aliyekuwa akikaa naye, alinieleza kuwa baba anagonga miimo ya milango. Anamwaga chai pembeni mwa kikombe. Walikuwa wamempeleka hospitali wakaambiwa ni presha ya macho, tena ya siku nyingi. Baba mwenyewe aliifanyia mzaha. Alisema Mungu amemnyang'anya lenzi pana, amemwachia ile ndefu ya kupigia ndege.

Mmoja wa niliokaa nao Al Thumama alikuwa nesi, msichana wa Gilgil, mkavu wa maneno. Nilimsimulia nikitarajia aniambie kuna dawa. Aliendelea kupiga pasi sare yake.

"Hii kitu haiumi, hiyo ndiyo shida yake," alisema. "Inakula pembeni pembeni, mtu anakuja kushtuka imefika katikati. Na penye imekula hairudishi. Kama kuna kitu unataka mzee aone, aone saa hii."

Kwenda nyumbani haikuwezekana. Wakati ule hukutoka nchini bila ruhusa ya mwajiri, na madamu wa studio, ambaye kwa mengine alikuwa mtu wa haki, hakutoa ruhusa kabla msimu wa harusi haujaisha. Nikamwomba basi picha moja, yoyote, hata ya mgongo wa bi harusi. Alinitazama kama niliyemwomba jicho. Akanikumbusha binti aliyekuwepo kabla yangu, aliyekutwa na picha tatu kwenye simu yake na kurudishwa kwao bila hata kuaga.

Njia ya mkato ilikuwepo. Katika ukumbi mmoja kule kisiwa cha The Pearl mlinzi wa mlangoni alikuwa Mkenya mwenzangu, niliyezoea kusali naye kanisa moja. Alijua shida yangu. Aliniambia nipite tu na kadi ya pili ndani ya soksi, yeye hanikagui. Nilipita siku hiyo bila kadi, lakini nisijifanye malaika, niliifikiria usiku na mchana. Kilichonizuia si woga peke yake. Wale wanawake walivua mashungi mbele yangu kwa sababu waliniamini, na baba hakuwahi kubandika picha ya mtu dirishani kabla hajamwuliza mwenyewe. Angeishika picha yangu na swali lake la kwanza lingekuwa hilo.

Basi nikaamua kuwauliza wenyewe. Nilianza kuomba kila nyumba tuliyokwenda, kwa Kiarabu changu cha kazini, nikijua kabisa kwamba mtu mmoja akimlalamikia madamu nimekwisha. Wengi walicheka wakadhani natania. Mmoja alininunia mpaka mwisho wa kazi.

Bahati iliponiangukia ilikuwa Al Wukair, pembezoni mwa mji, katika nyumba mpya ambayo nje yake bado kulikuwa na mchanga mtupu na matofali. Ilikuwa alasiri, siku ya hina. Bi harusi alikuwa amekaa kwenye mito mikono mbele, nami nilikuwa nampiga viganja. Nikasema lile nililozoea kuomba. Nikawaeleza kwamba baba yangu ndiye aliyenifundisha, kwamba macho yake yanakwenda, na kwamba nataka aone picha moja ya kazi yangu, hata iwe ya mikono tu bila uso. Bi harusi alimtazama mama yake. Mama akasema kwa upole kwamba mikono ya mwanawe nayo ni mwanawe. Nikasema nimeelewa, nikainamia kamera ili wasinione uso.

Kwenye kiti karibu na dirisha alikuwa amekaa bibi yake bi harusi, mkongwe aliyevaa batula, kile kibarakoa cha usoni cha wanawake wa zamani. Nilidhani amelala. Alimwuliza binti yake nimesema nini, akaelezwa tena polepole, maana sikio moja halikusikia. Kisha akaniita.

"Macho yangu nayo walinipasua mwaka jana," alisema. "Nilikaa gizani siku kadhaa nikajua kuna nini humo. Piga mikono yangu. Ya mzee kama mimi, nani ataitambua?"

Mama mtu alipinga, na wakabishana kidogo, kwa heshima. Mwishowe alikubali kwa sharti: bibi avue pete zake zote, kwa sababu pete zile ukoo mzima ulizijua. Pete moja ilikataa kutoka mpaka wakaipaka sabuni. Nilikunja ngumi, nikazunguka nayo mara moja mbele ya dirisha, nikaomba wasogeze pazia upande mmoja. Mikono ilikaa mapajani, wa kulia juu ya wa kushoto, juu ya kanga... hapana, nimekwisha kuzoea kuliita kanga, lilikuwa gauni zito la kijani. Ncha za vidole zilikuwa nyeusi kwa hina ya miaka. Penye pete palibaki mifereji myeupe. Nilipiga chache tu, kwa sababu nilikuwa nalia na kamera haipendi pumzi.

Madamu aliletewa habari na wenyewe, si na mimi. Alinuna, kisha akanichagulia moja, akaniruhusu kuisafisha nakala moja kubwa kwenye karatasi nzuri, na faili ikafutwa mbele yake kama zote. Sikubaki hata na kivuli chake, nami nikampigia baba kumwambia picha inakuja. Nesi wa Gilgil alikuwa anakwenda likizo mwezi ule, nami nikaiviringisha picha ndani ya bomba la plastiki na kumpa. Alibeba bomba lile mkononi mpaka ndani ya ndege kwa kuogopa kuliweka kwenye mizigo. Nilisimama kwenye paa la nyumba yetu ndege zikipita chini chini kuelekea kusini, bila kujua yake ni ipi, nikaona nimefanya jambo kubwa.

Nesi aliporipoti kutoka nyumbani kwa baba, sauti yake haikuwa ile niliyoizoea. Alisema amefika, picha imefunguliwa, mzee ameishika. Nikamwuliza mzee anaendeleaje. Akasema, "Ongea na yeye tu," akampa simu.

Baba alisalimia kwa furaha. Akasema picha ni nzuri mno. Akasema mwanga ni mzuri, mikono ni mizuri, karatasi ni nzuri, na ataitafutia fremu. Wajomba zangu wataitwa waje waione. Nilisikiliza nikisubiri. Nilisubiri mti unaoota nyuma ya kichwa, nilisubiri miguu iliyokatwa. Alikuwa anaendelea kusifu, na kila sifa ilinishusha moyo zaidi.

"Na ile pete, baba?" nikamwuliza. "Haijang'aa kupita kiasi?"

"Hapana, mama. Imekaa sawa kabisa."

Nilikaa chini sakafuni. Nikamwita tu, "Baba." Upande wa pili nilimsikia nesi akisogeza kiti.

"Nani amekuambia?" baba aliuliza.

Nikamwambia hakuna aliyeniambia, ila tangu nizaliwe hajawahi kunisifu, na mkono ule hauna pete. Alicheka kidogo. Alisema ilikuwa kama wiki ya tatu sasa, hata ile lenzi ndefu imefungwa, na alimkataza dada yangu kunieleza kwa kuwa alijua picha iko njiani. Nilihisi nimechelewa kwa miaka, si kwa wiki, na nilimchukia madamu, na dirisha la studio, na kila ukumbi niliowahi kuingia.

Baba ndiye aliyeendelea. Sauti yake ilikuwa imebadilika, imekuwa ya kazini.

"Nieleze basi. Mwanga unatoka wapi?"

Nikamwambia unatoka kushoto, dirisha moja, alasiri, pazia limesogezwa nusu. Akauliza kama nilikunja ngumi. Nikasema nilikunja. Akauliza mikono imekaaje, nguo rangi gani, nilisimama umbali gani, mstari wa mapaja umepita wapi. Nilifumba macho nikamweleza kidole kimoja kimoja, kwa sababu picha ilikuwa mapajani mwake Nakuru na mimi sikuwa na kitu cha kutazama. Nilimweleza hina, nikamweleza mifereji ya pete zilizovuliwa, nikamweleza kwamba mkono wa kulia umeufunika wa kushoto.

"Na kidole gumba cha kushoto?"

Nikafikiri. Nikasema kiko chini ya kiganja, kivulini.

"Kivulini kiasi gani? Kinaonekana ama hakionekani?"

Nikasema sikumbuki vizuri. Nikamsikia akigeuka. "Sista, hebu angalia hapa chini. Kuna kidole gumba?" Nesi aliinama akaangalia, kisha akasema hapana, mzee, hapo ni giza tu, ni kama amekatwa kidole.

"Eeh," baba akasema, na nikasikia ameridhika. "Umemkata mama wa watu kidole. Ungemgeuza kidogo tu aelekee dirishani, mwanga ungeingia hapo chini."

Nilisikia kidole chake kikigonga karatasi, tak, tak, mahali ambapo bila shaka nesi alimwelekeza.

"Unaona?" akaniuliza.

Nikamwambia naona.