Figo la Antonia

Mali ya Antonia haikupimwa yeye akiwa hayupo. Msimu wa ufuta, kwenye ghala la chama cha msingi cha ushirika pale Kitomanga, alisimama kando ya mizani mpaka gunia la mwisho, macho kwenye magoti ya mpimaji, asije akaliinua gunia kwa goti lionekane jepesi. Walimcheka, lakini hakupunjwa.

Alipokaribia miaka hamsini presha ilimpanda ikakataa dawa. Katika hospitali kubwa ya Dar es Salaam wakamwambia mshipa unaopeleka damu kwenye figo la kulia umevimba kama puto, na wakati wowote ungepasuka.

"Palipovimba hapafikiki vizuri," daktari alieleza. "Tutalitoa figo, tuliweke kwenye barafu, tuushone mshipa, kisha tulirudishe."

"Na mimi nitakuwa wapi?"

"Usingizini, mama."

"Basi nani atakayeliona likirudi?"

Daktari akatabasamu. Tabasamu lile halikumpendeza Antonia. Kesho yake muuguzi akaja kumpima kundi la damu. La nini? Na chumba cha pili alilala tajiri mmoja akisubiri kupandikizwa figo. Antonia akaunganisha mambo: figo lake litapewa tajiri.

"Dada," alisema mdogo wake Valentini, aliyemsindikiza, "yule tajiri anapewa na kaka yake. Hilo lako bovu alitakie nini?"

"Wewe nyamaza. Ulipunjwa korosho mchana kweupe ukasema asante."

"Korosho hazikutaka kuniua!"

Daktari aliahidi kumpiga picha kabla na baada, alione figo lake kwa macho yake.

"Picha ni zenu," Antonia akajibu. Hakutia saini, akarudi kwao.

Kukagua ni haki ya kila mtu. Lakini Antonia alipewa njia ya kukagua akaikataa, akawahesabu wezi watu ambao hawakumchukulia kitu.

Siku ya kufunga matita ya ufuta, kiuno kilimkata ghafla akaanguka shambani. Hospitali ya Lindi walimpasua kuokoa roho yake. Mshipa ulikuwa umepasuka na figo limekufa. Wakalitoa, wakamwita Valentini alione.

Antonia alipozinduka, neno lake la kwanza lilikuwa: "Liko wapi?"

"Nimeliona, dada. Safari hii halirudi."

Figo lile lingeweza kushonwa. Shaka yake ilimgharimu figo hilo, na tangu siku hiyo hajashika jembe.