Mrumi Aliyeingizwa Moshi

Kichwa cha glasi kilikaa kwenye kabati la mwalimu wa historia: chupa ndogo yenye uso wa kijana, mashavu yamefura kama ya mtoto aliyenyimwa chapati. Ilikuwa nakala tu. Mwalimu alitueleza kwamba Warumi walipuliza glasi ya moto ndani ya kalibu, uso ukatoka mzima. Aliipenda kuliko alivyotupenda sisi, na kwa kweli sikumlaumu.

Ijumaa niliitia kwenye begi. Mpango wangu: Jumatatu nimvishe Mrumi tai ya shule, nimkalishe kwa dawati langu, majina yakiitwa aitikie yeye. Tayari nilikuwa na onyo la mwisho. Utani mmoja zaidi, narudishwa nyumbani.

Nyanya yangu, Kogo kama tunavyomwita kwetu, akaiona. Bila hata kufikiri nikasema mwalimu amenizawadia.

Hapo nikajichimbia shimo. Kwetu zawadi ya chombo hairudi tupu. Aliyekupa unampelekea mursik, maziwa yetu yaliyolala. Na mursik haitiwi kwenye chombo ambacho hakijasuguliwa ndani kwa kijiti cha moto.

Jumamosi nilitoka kuchuma majani chai, nikamkuta Nyanya jikoni. Mkono mmoja Mrumi, mwingine kijiti chekundu kama jicho la mlevi. Nikipiga kelele, ataiangusha. Nikinyamaza, itapasuka.

"Kogo," nikasema polepole, kama mtu anayebembeleza ng'ombe mkali, "hiyo si kibuyu."

"Mimi nimezaliwa jana? Ina shingo, ina tumbo. Huyu ni nani?"

"Mrumi."

"Wa ukoo gani?"

"Wa zamani sana. Kogo, tafadhali..."

"Ndiyo maana ananuka vumbi."

Kijiti kikaingia. Moshi ukajaa nyuma ya yale macho, yakawa kama yananiangalia. Kisha: tik. Ufa ukatoka sikioni hadi mdomoni.

Nyanya akachomoa kijiti, akakirudisha motoni.

"Nimeharibu zawadi yako," akasema. "Jumatatu nitaenda mwenyewe nimwombe mwalimu msamaha."

Alikuwa akiubana ule ufa kwa kidole gumba, kama anayezuia damu. Mimi, ambaye sikosi kichekesho hata matangani, sikupata hata kimoja.

"Kogo, hakunipa. Niliiba."

Alikiweka kile kichwa juu ya kigoda, akakifuta masizi mdomoni kwa ncha ya leso, akakigeuza kinitazame.

"Rudia," akasema. "Huyu naye asikie."